Splinti za mkono zinazouzwa Dodoma: ipi inanyoosha kidole, ipi inakiharibu

Kwenye maduka ya vifaa tiba ya Dodoma mjini splinti za mkono, yaani vifaa vya kushikilia kiungo kwenye mkao wake, hutundikwa ukutani pamoja na mikanda ya kiuno na soksi za kubana, na kwa muuzaji zote ni za aina mbili: ya kidole na ya mkono.

"Dada, nipatie ile ya kidole."

"Kubwa au ndogo, kaka?"

Biashara imeisha. Lakini swali la ukubwa ni la mwisho kabisa. Kabla yake yapo matatu: ni kifundo kipi kilichokunjika, kimekunjikia upande gani, na ukikishika kwa mkono mwingine kinanyooka au kinagoma? Asiyeulizwa hayo anaweza kutoka dukani na kifaa kipya, kizuri, kilichomkaa sawasawa, na baada ya wiki 6 kidole kikawa kibaya kuliko alivyokuja nacho.

Tunachopitia hapa ni vifaa vya ulemavu wa mkono unaomjia mtu baada ya kuzaliwa: kano iliyokatika, moto, ukoma, kiharusi, baridi yabisi, mfupa uliofungwa vibaya. Mtoto aliyezaliwa na vidole vilivyoungana au pungufu njia yake ni nyingine, aonwe na daktari wa upasuaji.

Jaribio la kwanza halihitaji kifaa chochote. Shika kidole, kinyooshe polepole, usilazimishe. Kikinyooka chote, splinti itakishikilia hapo na kuna la kutarajia. Kikifika mahali kikawa kizito lakini kinaachia kidogo kidogo, tatizo ni ngozi, kano au utando wa kifundo uliofupika. Hapo splinti ya dukani ni dhaifu, na kinachofaa ni P.O.P (bendeji ya jasi inayokauka ikawa ngumu) ya kubadilishwa kila baada ya siku chache, tutaieleza mbele. Kikigota ghafla kwenye kitu kigumu, kifundo chenyewe kimeshikana na hakuna plastiki itakayokitoa hapo. Pesa hiyo ifanye nauli ya hospitali.

Kofia ya plastiki ya ncha ya kidole

Hii ndiyo splinti ya dukani tunayoisifu bila kusita, na ni kwa tatizo moja tu: kidole ambacho ncha yake imelala, mwenyewe hawezi kuinyanyua, ila akiinyanyua kwa mkono mwingine inapanda bila shida. Kano inayonyoosha ncha imekatika, au imeng'oka na kipande kidogo cha mfupa. Mpira wa netiboli ukigonga ncha ya kidole, inatosha. Kuchomeka chandarua chini ya godoro kwa nguvu kunatosha pia, na kwa kuwa mara nyingi hakuna maumivu makubwa, watu hukaa nacho wiki kadhaa wakidhani wameteguka.

Kifaa ni kikopo chepesi chenye matundu ya hewa. Kinavishwa kuanzia ncha na kinaishia kabla ya kifundo cha kati. Huja kwa namba, na namba huchaguliwa kwa kupima mzunguko wa kidole kwenye kifundo cha ncha, sio kwa kukisia kwa macho. Kidole kilichovimba leo kitapungua baada ya wiki moja au mbili, kwa hiyo nunua namba mbili zinazofuatana. Ukinunua moja, ndani ya siku kumi itakuwa inacheza, na splinti inayocheza haishikilii kitu.

Kagua hivi kabla hujalipa. Kifundo cha kati lazima kikunjike hadi mwisho bila kugota kwenye plastiki. Ncha inyooke kabisa, au iinuke kidogo sana. Tazama ngozi ya mgongoni juu ya kifundo cha ncha: ikipauka ghafla, ncha imesukumwa juu kupita kiasi, damu haifiki vizuri, na ngozi hiyo inaweza kufa na kuacha kidonda juu ya kano ileile unayoitibu.

Ivaliwe wiki 6 hadi 8, usiku na mchana, kisha wiki 2 hadi 4 za usiku peke yake. Kwenye hizo wiki za mwanzo hakuna mapumziko. Ncha ikilala mara moja, hata kwa sekunde chache bafuni, nyuzi za kano zilizoanza kushikana huvutika na hesabu inarudi mwanzo. Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kisha wanasema kifaa ni feki.

Kuna namna ya kuosha kidole bila kupoteza siku zako. Weka mkono mezani, kiganja kikitazama chini, kidole kimelala bapa juu ya meza. Vuta kofia kwenda mbele huku kidole hakiachi meza. Osha na kitambaa chenye maji na sabuni, kausha hadi pembezoni mwa kucha, mtu wa pili akiishikilia ncha kwa chini. Rudisha kofia, funga na plasta ya kitambaa. Dukani kofia nyingi huuzwa bila plasta. Nunua rola nyembamba palepale, maana plasta ya karatasi haivumilii jasho. Anayepika na kuosha vyombo avae glavu ya mpira juu yake. Ngozi iliyokaa na unyevu ndani ya plastiki hugeuka nyeupe, hulainika, kisha huchubuka, na mgonjwa huivua "ipumue". Hapo kazi imeharibika.

Matokeo ya haki ni kidole kinachofanya kazi zote, ncha ikiwa pengine imelala nyuzi 5 hadi 10. Aliyechelewa miezi miwili au mitatu bado anayo sababu ya kujaribu. Lakini usinunue, nenda hospitali, kama pana jeraha wazi juu ya kifundo, kama eksirei imeonyesha kipande cha mfupa kinachozidi theluthi moja ya uso wa kifundo au kifundo kimehama, au kama ni mtoto ambaye kucha imechomoka shinani. Huyo wa mwisho huenda amevunjika mfupa kwenye sehemu inayokua, na chini ya kucha kuna njia ya vijidudu.

Bati la alumini lenye sponji

Rahisi, linakatika kwa mkasi, linapindika kwa mkono, na ndilo linalotumiwa vibaya kuliko yote. Kosa la kawaida ni kufunga kidole chote pamoja na konzi yake (kifundo kinapoanzia kidole), kimenyooka kama rula, kwa tatizo lolote lile. Kata kipande kifupi. Kwa ncha iliyolala, kiwekwe mgongoni mwa kidole, kutoka kwenye kucha hadi kabla ya kifundo cha kati. Pembe zilizokatwa zizungushwe na zifunikwe plasta, la sivyo zitakata ngozi ya kidole cha jirani. Sponji ikilowa, tupa. Ni bei ndogo.

Bati hili lina kazi nyingine ambayo haiandikwi kwenye pakiti: kuokoa kifundo cha kati. Kano inayokinyoosha ikikatika, kwa kisu, kwa grainda, au kwa kidole kupigwa kikiwa kimekunjwa, siku za mwanzo kidole huonekana kimevimba tu. Ulemavu hujitokeza baada ya wiki 1 hadi 3, pale nyuzi za pembeni zinapoteleza kwenda chini: kifundo cha kati kinakunjika, ncha inainukia juu. Kwa hiyo kila kidole kilichovimba kifundo cha kati baada ya kugongwa kipimwe mapema. Laza kidole ukingoni mwa meza, kifundo cha kati kikunjwe nyuzi 90, kisha mwenye kidole ajaribu kukinyoosha huku wewe ukizuia kwa kubonyeza pingili ya kati. Ncha ikibaki laini, kano ni nzima. Ncha ikikaza na kusimama, nguvu inapita pembeni, na kano ya kati imekatika.

Tiba yake ni kufunga kifundo cha kati peke yake kikiwa kimenyooka kabisa, wiki 6 mfululizo, na ncha iachwe huru. Ncha hiyo ikunjwe mara 10, mara kadhaa kwa siku, kwa kuwa kila ikikunjwa huvuta nyuzi za pembeni kurudi juu mahali pake. Ukimwona mtu amefungwa kidole chote hadi kwenye kucha kwa tatizo hili, amepewa nusu ya tiba. Jeraha la kisu juu ya kifundo hicho ni la chumba cha upasuaji, kano ishonwe kwanza.

Zipo pia splinti za waya wenye springi zinazosukuma kifundo cha kati kunyooka. Ni nzuri kwa kifundo kilichoanza kukaza na bado kinaachia, mbaya kwa kilichovimba na kuuma. Anza saa moja au mbili kwa siku. Kidole kikiwa na ganzi, achana nazo.

Ulemavu wa kinyume chake, kifundo cha kati kikibonyea kwenda nyuma na ncha ikilala, huwapata sana wenye baridi yabisi ya muda mrefu, na wakati mwingine hufuata ncha iliyolala isiyotibiwa. Hawa wakipewa bati la kunyoosha wanaongezewa ugonjwa. Wanachohitaji ni pete mbili zilizoungana zinazozuia kifundo kisirudi nyuma huku zikikiruhusu kukunja. Usipoipata dukani, mtaalamu huikata kwenye ukanda mwembamba wa plastiki ya splinti kwa dakika chache. Na baridi yabisi haitulizwi na pete; bila dawa za kudhibiti ugonjwa wenyewe, vidole vitaendelea kuelemea upande wa kidole kidogo hata ukivaa dhahabu.

Mkanda wa kifundo cha mkono wenye bati

Huu ndio muuzaji anaokupa ukisema "ya mkono". Ni kifaa kizuri cha mkono ulioanguka, yaani mtu asiyeweza kuinua kiganja baada ya neva kuumia, mara nyingi kwa kuvunjika mfupa wa juu ya kiwiko au kulalia mkono usingizi mzito. Bati lake lishikilie kifundo cha mkono kimeinuka nyuzi 20 hadi 30. Mwenye ganzi ya usiku ya kidole gumba, cha shahada na cha kati anauhitaji mkanda huohuo, lakini bati lake linyooshwe hadi sifuri. Hilo watu hawalijui: bati hutoka. Fungua mfuko wa ndani, lichomoe, lipinde ukingoni mwa meza, lirudishe.

Kwa kidole kilichopinda, mkanda huu haufanyi lolote. Umeshafungwa, kagua mawili: mikunjo ya kiganja inayotumika kukunja ngumi ionekane yote, na kidole gumba kiweze kugusa ncha ya kidole kidogo. Kitambaa kikipanda hadi kwenye vidole, ni saizi kubwa mno, na vidole vitakaza kwa kukosa kukunjwa.

Vumbi la Dodoma ni adui wa velkro. Baada ya wiki chache ile sehemu yenye vindoano hujaa nyuzi na mchanga, mkanda unaachia, mtu anakaza zaidi ili kufidia. Safisha kwa mswaki wa zamani, fua kwa maji ya baridi ukiwa umefunga velkro zote, anika kivulini.

Bamba la mkono mzima

Hapa tuna ugomvi na kilichopo sokoni. Mabamba mengi ya kupumzishia mkono yamenyooka, kiganja na vidole vyote kwenye usawa mmoja. Mkono uliovimba au uliojeruhiwa haufungwi hivyo. Kwenye konzi, pale vidole vinapoanzia, kuna ligamenti (kamba zinazounganisha mifupa) mbili za pembeni ambazo hulegea kidole kikinyooka na hukaza kikikunjwa. Ukizifunga wiki kadhaa zikiwa zimelegea, zinafupika hapohapo, na baadaye mtu hawezi kukunja ngumi. Kifundo cha kati kina tabia ya kinyume: chenyewe hukakamaa kikiachwa kimekunjwa. Ndiyo maana mkao salama unaonekana wa ajabu kwa asiyeuzoea: kifundo cha mkono kimeinuka nyuzi 20 hadi 30, konzi zimekunjwa nyuzi 70 hadi 90, vidole vimenyooka, kidole gumba kimetengwa mbali na kiganja.

Kwa aliyeungua mgongo wa kiganja, mkao huo ndio tofauti kati ya mkono na gogo. Akiachwa alale anavyojisikia, ataweka konzi nyuma na vidole vimekunjwa, kwa sababu hapo ndipo panapouma kidogo, na kovu litamfungia huko. Aliyeungua ndani ya kiganja, kama mtoto aliyeshika kaa la mkaa au sufuria ya uji, kwake bamba lililonyooka na vidole vilivyotanuliwa ndilo sahihi. Bamba lilelile lililonyooka, moto pande mbili tofauti za mkono: upande mmoja linaponya, upande mwingine linalemaza. Kila kidole kifungwe gozi peke yake ili ngozi zisiungane. Kovu huendelea kuvuta kwa miezi 12 hadi 18, kwa hiyo splinti ya usiku haiishi siku kidonda kinapofunga. Mtoto anakua, na bamba lake linapaswa kukua naye. La miezi mitatu iliyopita tayari ni fupi.

Kwa aliyepata kiharusi bamba husaidia ngozi na usafi wa kiganja kinachojifunga, na huenda likapunguza maumivu. Asiyeelezwa mapema kwamba haliurudishi mkono kazini, atalitupa wiki ya pili.

Zinazotengenezwa kwa mkono wako

Splinti iliyofinyangwa juu ya mkono wa mgonjwa huishinda ya dukani karibu kila mahali isipokuwa ile kofia ya ncha. Dodoma mjini ulizia fiziotherapia na mtoa tiba kwa vitendo katika Hospitali ya Benjamin Mkapa au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ile inayoitwa General. Piga hodi na swali moja mahususi: je, leo kuna plastiki ya splinti, au mnatumia P.O.P? Jibu lolote kati ya hayo mawili ni jema.

Plastiki hiyo hulainika kwenye maji ya nyuzi joto 65 hadi 75, na mtaalamu ana dakika chache za kuifinyanga kabla haijakauka. Unene wa milimita 3.2 ni wa kigasha (kati ya kiwiko na kifundo cha mkono) na kifundo cha mkono, milimita 1.6 ni wa kidole. Kasoro yake kwa mji wetu ni jua: ikiachwa juu ya dashibodi ya gari lililoegeshwa mchana, inarudi laini na kupoteza umbo. Haifuliwi kwa maji ya moto, haianikwi juani. Ikishabonyea usijaribu kuinyoosha kwenye sufuria ya chai. Irudishe kwa aliyeitengeneza.

P.O.P inadharauliwa bila sababu. Slebu, yaani kipande bapa cha P.O.P, ya tabaka 8 hadi 10 hufanya bamba zuri la mkono la usiku, na ubaya wake mkubwa ni maji. Bora zaidi ni ile pete ya P.O.P inayozunguka kidole kilichokaza kifundo cha kati: kidole kinavutwa taratibu hadi mwisho wa pale kinapofika bila maumivu, kinafungwa, kinaachwa siku chache, kinafunguliwa, kinalowekwa na kufanyishwa mazoezi, kisha kinafungwa tena mahali papya. Hakuna nguvu inayotumika. Tishu hurefuka kwa kukaa muda mrefu zikiwa zimevutwa kidogo. Mtaalamu mzuri utamjua kwa kupima kidole kimekunjika nyuzi ngapi kila safari na kuziandika. Wiki tatu zikipita bila namba kubadilika, uliza kuhusu upasuaji.

Bomba la PVC hutumika pia pasipo na plastiki ya splinti, na likitengenezwa vizuri linadumu miaka. Linalainika kwenye maji yanayochemka (hapa juu, mita 1,100 na kitu kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na bado yanatosha). Lisichomwe motoni hata kidogo: likiungua hutoa moshi wenye asidi unaoumiza mapafu. Lisifinyangwe moja kwa moja juu ya ngozi, ni la moto mno. Hufinyangwa juu ya kielelezo cha P.O.P, kingo zikapigwa tupa, ndani pakawekwa sponji.

Vidole viwili vya mwisho vinapojikunja vyenyewe

Kidole cha pete na kidogo vikianza kujikunja huku konzi zake zikibonyea nyuma, na nyama kati ya gumba na shahada imeisha, tatizo ni neva inayopita nyuma ya kiwiko. Inaweza kuwa jeraha la panga kwenye kifundo cha mkono. Inaweza kuwa ukoma. Dodoma inaujua ugonjwa huu. Hombolo kwa miaka mingi kulikuwa na kituo cha wagonjwa wake, na wapo wanaodhani uliondoka na zama hizo. Kabla ya kutafuta splinti angalia ngozi: baka lililopauka lisilosikia kuguswa, ganzi, neva nene inayouma ukiibonyeza nyuma ya kiwiko. Dawa ni mchanganyiko wa rifampicin, dapsone na clofazimine, miezi 6 au 12 kulingana na aina, na hutolewa bure. Neva iliyopoteza nguvu chini ya miezi 6 inaweza kurudi kwa prednisolone (dawa ya kutuliza uvimbe) inayosimamiwa na daktari. Huo ndio muda wa kukimbilia. Splinti inaweza kusubiri wiki moja, neva haisubiri.

Splinti yake huzuia konzi zisirudi nyuma na kuacha vidole vifanye kazi. Kujua kama itasaidia, sukuma konzi mbele kwa kidole chako zikunjike kidogo, umwambie anyooshe vidole. Vikinyooka, itafaa. Kwa mkono wenye ganzi kuna sharti: kila ukivua, tazama ngozi kwa macho, usitegemee maumivu kukuambia. Alama iliyobaki zaidi ya dakika 20 hadi 30 baada ya kuvua maana yake hapo panabana, parekebishwe kabla hujavaa tena. Na bamba linalofaa halikuokoi na sufuria ya moto, kwa hiyo vishikio vifungwe kitambaa kinene.

Mbao za kufungia mfupa

Mtoto ameanguka mtini, amevunjika juu ya kiwiko, amepelekwa kwa fundi wa mifupa wa mtaani, amefungwa vijiti na vitambaa kwa nguvu. Ulemavu unaotoka hapa ni mbaya kuliko wote uliotajwa juu, na P.O.P ya hospitali iliyobana huuleta vilevile. Mkono unavimba, kifungo hakitanuki, damu haiingii kwenye misuli ya kigasha, na baada ya saa 6 hivi misuli inaanza kufa. Dalili ya mwanzo ni maumivu makali yasiyolingana na jeraha, yanayozidi ukimnyooshea vidole. Mapigo ya mshipa yanaweza kuwepo bado, yasikupumbaze. Vijiti, vitambaa, pamba, P.O.P, vyote vifunguliwe hadi kwenye ngozi papo hapo, mkono uwekwe usawa wa moyo, na safari ya hospitali ianze usiku huohuo.

Aliyechelewa utamtambua: ukikunja kifundo cha mkono vidole vinanyooka, ukikiinua vinajikunja. Kiasi kidogo hurekebishwa kwa splinti za mfululizo. Kikubwa ni cha upasuaji, kwenye hospitali za MOI (taasisi ya mifupa ya Muhimbili) au CCBRT Dar es Salaam, au KCMC Moshi.

Vya kupita tu

Glavu za shaba na za sumaku hazinyooshi kidole. Mpira wa kubana wanaouziwa watu waliopata kiharusi unakuza kukunja, wakati wanachokosa ni kufungua.

Kidole kinachonasa kikikunjwa kisha kuachia kwa mshtuko, kama wanavyolalamika wapogoaji wa zabibu wanaoshika mkasi kutwa na wengi wenye kisukari, kinahitaji splinti fupi inayoshikilia konzi peke yake imenyooka, wiki 6. Ikishindikana kuna sindano ya steroidi. Kamba ngumu inayoota kiganjani na kuvuta kidole cha pete ni nadra kwa Waafrika, na splinti haiizuii. Ikishakukataza kulaza kiganja bapa mezani, mwone daktari wa upasuaji.

Anayeagiza kwa simu kutoka Kariakoo, kifaa kije kwa basi, asitume neno "saizi ya kati". Tuma mzunguko wa kidole au wa kifundo cha mkono kwa sentimita, taja kushoto au kulia, tuma picha mbili, moja ya mgongo wa kiganja na nyingine ya ubavuni mkono ukiwa mezani. Mzigo ukifika stendi ufungue palepale: mikanda ya kulia na ya kushoto huchanganywa mara nyingi, na uliogeuzwa hubana kidole gumba mahali penye neva.